Sauti ya Eunike Ndani ya Kopo

Jumamosi asubuhi Elinipa alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha la chumba chake cha kupanga mjini, Sombetini, akiunganisha waya mwembamba kwenye mguu wa transista kwa risasi ya kuyeyusha. Moshi wa risasi ulipanda taratibu ukatokea dirishani. Kitandani, mama yake, Eunike, alikuwa amenyoosha mguu wenye goti lililovimba, ungo uko mapajani, akitoa maharage mabichi kwenye maganda. Nje jirani alikuwa anafua.

Kazi ya Elinipa ilikuwa kurekodi matangazo. Mtu akiuza magodoro, viatu vya mtumba au dawa ya panya, alimletea maneno yake, naye akayasoma kwa sauti changamfu mbele ya laptop yake ya mtumba, akaweka muziki kidogo nyuma, akamrudishia kwenye flash. Baada ya hapo sauti yake ilizunguka mjini kutwa nzima ikitoka kwenye spika iliyofungwa juu ya bajaji, na yeye mwenyewe alishazoea kujipisha barabarani.

Juma hilo muuza magodoro wa Sokon One alikuwa amerudi na flash yake mkononi.

"Dada Eli," alisema, "godoro langu linanong'ona."

Ilikuwa kweli. Tundu la maikrofoni kwenye laptop lilikuwa limechoka. Lilitaka sauti iingie ikiwa na nguvu, na maikrofoni yake ndogo ilikuwa inaleta umeme kiduchu, kama mtu anayebisha hodi kwa ukucha. Akiongeza sauti ndani ya kompyuta, mchakacho nao uliongezeka, mpaka tangazo likawa kama linasomwa kwenye mvua. Dismasi, fundi redio mwenye duka la vipuri karibu na soko la Kilombero, alimwambia tiba yake ni priamp: kidude cha kuipokea sauti ikiwa bado changa, kuilea kidogo, na kuikabidhi kwa kompyuta ikiwa imeshapata miguu. Akampa transista, rezista na kapasita chache, kishikizo cha betri ya volti tisa, na mchoro aliouchora juu ya kipande cha boksi.

"Ukikosea hakilipuki," alimwambia. "Kinanuna tu."

Eunike aliinua macho kwenye maharage, akatazama kazi ya binti yake, akafungua mdomo na kusema jambo. Hakuna kilichosikika. Elinipa aliitikia kwa kichwa kwa adabu, kwa jinsi alivyozoea, akaendelea kuunganisha.

Eunike hakuwa bubu. Alikuwa anaongea kama watu wengine, ila sauti yake ilikuwa imekwisha. Ilianza kupungua baada ya msiba wa mumewe, Solomoni, siku ile ukoo ulipokaa kikao nyumbani kwao mlimani Meru, juu kidogo ya Poli. Mwanzoni ilipungua kama maji ya bomba mwezi wa tisa: yapo, lakini mpaka ukinge kwa subira. Baadaye yakabaki matone, halafu ikabaki midomo peke yake. Hospitalini walimulika koo, wakalikuta safi, wakamwambia anywe maji ya uvuguvugu. Akanywa. Kwaya ya akina mama usharikani ilimbakiza mstari wa mbele, kwa sababu alifungua mdomo vizuri kuliko wote na wageni walijifunza kwake. Kuku wake waliendelea kumsikia. Akiwaita walikuja mbio kutoka migombani, wakati mtu aliyesimama naye bega kwa bega hakusikia lolote.

Elinipa alikuwa anampigia simu kila Jumapili. Aliuliza swali, akasubiri kidogo, kisha akauliza lingine. Kwenye simu alisikia pumzi ya mama yake na kuku. Watu wa nyumba ile ya kupanga walijua kwamba mama wa Eli hana sauti, kama walivyojua kwamba baba wa fulani ana kisukari, na goti lilipomsumbua akahamia mjini walimkaribisha vizuri na kumwonyesha bomba lilipo.

Mara ya kwanza priamp ilinuna. Elinipa aliiwasha akasikia mkwaruzo, kama mtu anaburuta kiti. Alimpigia Dismasi.

"Igeuze transista," Dismasi alisema. "Umeivalisha suruali nyuma mbele."

Akaigeuza. Mkwaruzo ukaisha, ukaja mngurumo, kwa sababu kidude kilikuwa wazi na kilikuwa kinadaka umeme wa nyumba nzima. Akatafuta kopo tupu la maziwa ya unga, akakipachika ndani, akatoboa tundu la waya wa maikrofoni upande mmoja na tundu la waya wa kompyuta upande wa pili, kisha akaunganisha waya mmoja kwenye bati la kopo lenyewe. Mngurumo ulikatika. Kwenye kioo cha laptop mstari wa sauti ulilala chini, umenyooka, msafi.

Elinipa aliuangalia kwa furaha. Alikuwa bado hajasema neno, na maikrofoni alikuwa ameiweka pembeni, kwenye mto wa kitanda, huku akitafuta karatasi ya magodoro.

Mstari ukaanza kutikisika.

Alifikiri ni redio ya jirani. Redio ilikuwa imezimwa. Alivaa hedifoni. Ilikuwa sauti ya mama yake, ile ya zamani, nzito kidogo, yenye kukwaruza mwishoni mwa sentensi. Ilikuwa inaongea Kimeru.

"Mimi sijakubali," ilisema. "Frederick, nimesema sijakubali. Ile kahawa ya chini niliipanda mimi na marehemu, mikono yangu hii. Mzee Sifael, si unanisikia? Mimi nipo hapa. Sijakubali." Sauti ilipumua. "Mbona mnasimama?" Halafu ikasema, polepole, "Haya. Chakula kipo. Karibuni mle."

Elinipa alivua hedifoni, akamtazama mama yake. Eunike alikuwa amefunga mdomo. Vidole vyake vilikuwa vinapasua ganda la haragwe.

Elinipa aliikumbuka siku ile. Alikuwa jikoni nyuma ya nyumba na wanawake wengine, wanapakua nyama na ndizi, baba yake mdogo, Frederick, alipotoka ndani akifuta paji la uso na kuwaambia kikao kimeisha vizuri: nyumba na uwanja vibaki kwa shemeji, kihamba cha chini, lile shamba la migomba na kahawa, akitunze yeye Frederick, na shemeji hana neno. Elinipa alikuwa amempa sahani.

"Mama," alisema sasa, "kumbe ulisema."

Eunike aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeulizwa kama alifunga mlango.

Dismasi alikuja mchana kuona kazi ya vipuri vyake. Elinipa alikuwa amechomoa hedifoni na kuunganisha spika ndogo, na sauti ya Eunike ilikuwa inaendelea kutoka, Eunike mwenyewe akiwa kimya, anakunywa chai.

"Shikamoo mama," Dismasi alisema mlangoni.

"Marahaba, mchungaji," spika ilijibu. "Karibu ndani, usijali matope."

Dismasi alivua viatu akaingia. Alimtazama Eunike, akatazama kopo, akalinyanyua na kuchungulia ndani.

"Pale kwenye mguu wa kati umeweka rezista gani?"

"Ile ile uliyonipa."

"Basi ndiyo maana," alisema Dismasi, akalirudisha kopo taratibu. "Inavuta kutoka mbali."

Alikaa mpaka jioni. Wote watatu walisikiliza, na ilieleweka upesi jinsi mambo yalivyo. Maneno yote ambayo Eunike aliyasema tangu siku ya kikao hayakuwa yamepotea; hata ile marahaba ilikuwa ya mchungaji aliyemtembelea zamani, si ya Dismasi. Yalikuwa yamebaki kifuani, yamepanga foleni, na sasa yalikuwa yanatoka kwa mpangilio, la kwanza mbele, bila ule ukimya wa katikati. Ilimradi kopo limewashwa na maikrofoni iko karibu naye, yalitoka yenyewe. Na kila alilosema leo lilikwenda kusimama nyuma kabisa.

"Mama, ukinyamaza kwa muda yataisha mapema," Elinipa alimwambia.

Eunike akakubali. Alinyamaza makusudi, ili asiongeze foleni. Hata midomo hakuitikisa. Akitaka chumvi alinyoosha kidole.

Masika yote ilikuwa hivyo. Asubuhi Elinipa alibadilisha betri, akaweka maikrofoni kwenye mto, na Eunike akasuka mkeka au akachambua mchele huku maisha yake yakimtoka kwa sauti. Mengi yalikuwa mambo madogo. Aliita kuku. Aliposikika anaita kuku, kuku wa nyumba ile ya kupanga walikuja mlangoni wote, wakasimama, na Elinipa ikabidi awe na mahindi karibu. Aliwakaribisha watu. Aliwapa watu pole. Alimkemea mbuzi. Alilalamika juu ya ukungu kwamba umekaa siku nyingi mlimani na kahawa ya Frederick itaoza, na aliposema kahawa ya Frederick alijisahihisha, "kahawa yangu." Ilipofika Jumapili ya zamani ziliimbwa nyimbo, sauti ya pili peke yake, bila wenzake, na jirani anayefua alizima redio yake akaimba ya kwanza.

Matangazo ilibidi Elinipa ayarekodi mama akiwa nje kwa jirani. Siku moja alisahau, na mwisho wa tangazo la magodoro, baada ya kutaja mtaa na namba ya simu, ikasikika sauti ya mama mtu mzima ikisema kwa upole, "Haya, lala salama, mwanangu." Alimpigia muuza magodoro kuomba radhi na kumwambia alirudishe.

"Liache hivyo hivyo," mwenye magodoro alisema. "Watu wanashuka kwenye pikipiki kulisikiliza."

Kisha foleni ikafika kwenye simu za Jumapili.

Elinipa alizitambua mara moja, maana yalikuwa ni majibu. "Nimekula, nimekula ndizi," sauti ilisema. "Mguu haujambo." "Mvua ipo." "Wewe unakula? Sauti yako imekonda." Aliacha kazi akakaa kitandani karibu na mama yake. Alijaribu kukumbuka maswali, na mengine aliyakumbuka, na aliyokumbuka aliyauliza upya kwa sauti ya chini ili jibu lisikae peke yake. Wakati mwingine alikosea, akauliza habari za mbuzi na jibu likaja la bati la jikoni. Eunike alicheka kimyakimya, mabega yakitikisika, na kicheko hicho kikaenda kupanga foleni.

Jioni moja sauti ilisema, "Eli, mwanangu, huyo Richard usiolewe naye. Nimemwona siku moja tu, lakini nimeona anavyomsubiri mtu amalizie sentensi yake ili acheke. Usiolewe naye."

Elinipa alikuwa ameolewa na Richard. Alikaa naye Nduruma, shambani kwa watu wa Richard, mpaka siku aliyofunga nguo zake kwenye begi na kurudi mjini.

"Nimeshaachana naye, mama," alisema.

Eunike alimshika mkono.

"Ulisema na hilo pia," Elinipa alisema.

Sauti kwenye spika ilikuwa imeshasonga mbele. Ilikuwa inauliza kama mjini kuna baridi.

Elinipa alilia kidogo usiku ule, si sana, kisha akalala usingizi mzuri. Asubuhi aliamka anajisikia kama mtu aliyepata mizigo yake iliyochelewa stendi: mingine haina matumizi tena, lakini yote ni yake.

Maneno yalizidi kupungua kadiri miaka ile ilivyosogea, maana Eunike mwenyewe alikuwa amepunguza kusema. Mwishoni yalikuwa machache kabisa, karibu yote ya kuku. Halafu kikaja kicheko, kile cha siku ya mbuzi na bati. Halafu spika ikanyamaza.

Elinipa aliangalia betri; ilikuwa nzima. Mstari kwenye kioo ulikuwa umelala.

"Mama," alisema, "sema kitu."

Eunike alijisogeza, akaweka sawa khanga mabegani. Midomo yake ilifunguka, na kwa mara ya kwanza sauti na midomo vilikwenda pamoja.

"Hii chai yako," alisema, "tangu nimefika unaweka majani kidogo."

Walicheka wote wawili. Elinipa aliinuka akachemsha nyingine.

Bila kopo Eunike alibaki kimya vilevile. Walijaribu kulizima, wakajaribu kusogeza maikrofoni mbali. Sauti ilikuwa inapita humo tu. Dismasi alisema hilo ni jambo la kawaida, hata yeye haoni vizuri bila miwani na hakuna anayemshangaa. Alileta betri ya kuchaji na waya mrefu zaidi, na tangu hapo Eunike aliweza kuongea mpaka mlangoni.

Walikuwa wanakula loshoro, mahindi yaliyopikwa na maziwa mgando, siku Elinipa alipolitaja jambo lenyewe.

"Mama, sauti ya kikao ninayo. Nimeihifadhi. Twende kwa baba mdogo aisikie."

Eunike alimeza kwanza. "Sitaki waisikie kompyuta," alisema. "Nataka wanisikie mimi. Ya kompyuta ibaki akiba."

Frederick alipopigiwa simu hakuwa na kinyongo. Alisema karibuni sana, akamwarifu mzee Sifael, mkubwa wa ukoo, na wajomba waliohusika. Dismasi aliwapeleka kwa gari lake, akisema anataka kuona betri inavyostahimili baridi ya juu. Mlima ulikuwa umejifunika ukungu mpaka kiunoni. Walipita kanisa, wakapita mfereji, wakafika. Njiani kuteremka kihambani Eunike alisimama akaangalia kahawa ya chini. Ilikuwa imepaliliwa vizuri, imekatiwa matawi, na mistari mipya ya mibuni midogo ilikuwa imeongezwa katikati ya migomba. Aliishika migomba miwili mitatu shinani, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayesalimia watoto wa shule.

Sebuleni kwa Frederick makochi yalikuwa na vitambaa vya kufuma, na kila mtu alikuwa ameshakaa. Frederick alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenye sauti ya besi inayotegemewa usharikani. Alimletea shemeji yake kigoda cha kuwekea mguu.

"Shikamoo baba mdogo," Elinipa alisema.

"Marahaba, Eli. Karibuni. Hiyo ndiyo mashine yenyewe?"

"Ndiyo hiyo."

"Imekaa kwenye kopo la maziwa."

"Inazuia mngurumo."

Frederick aliona ni busara. Mzee Sifael aliomba, kisha akasema mama Eli ana neno. Elinipa aliwasha laptop mezani, akafungua swichi ya kopo, akampa mama yake maikrofoni. Eunike aliishika kwa mikono miwili.

"Sijakubali," alisema. "Siku ile sikukubali na leo sijakubali. Kihamba cha chini ni changu na marehemu Solomoni. Kile cha Frederick baba yao alimpa ng'ambo ya mfereji, na mpaka wake uko pale pale, hakuna aliyeung'oa. Nilisema mbele yenu. Narudia."

Sauti ilijaa chumba kizima, safi, bila mchakacho. Mzee Sifael aliegemea mbele.

"Tumekusikia vizuri sana," alisema. "Hata sikio langu hili bovu limekusikia."

"Shemeji," Frederick alisema kwa upole, "mimi sibishani na wewe. Ila ungesema siku ile, tungelitazama siku ile. Ulikaa kimya, tukajua umeridhika."

"Nilisema."

"Hatukusikia."

Eunike alimtazama binti yake. Elinipa alibonyeza, na sauti ya siku ya kikao ikatoka. Wote walisikiliza mpaka mwisho: sijakubali, na Frederick nimesema sijakubali, na mzee Sifael si unanisikia, na mbona mnasimama, na haya, chakula kipo, karibuni mle. Ilipokwisha mjomba mmoja alikohoa.

"Ni kweli," mzee Sifael alisema. "Hapo aliponiita nilikuwa natafuta fimbo yangu. Nakumbuka. Nyama ilikuwa nzuri siku ile."

"Ilikuwa nzuri," Frederick alisema. Alikuwa ameinamisha kichwa na anatazama mikono yake. "Basi alisema. Sina ubishi, shemeji. Ulisema."

"Hilo limekwisha," mzee Sifael alisema, na kila mtu aliitikia kwa kichwa, pamoja na Eunike. "Ukoo unakiri kwamba mama Eli alisema. Sasa limebaki shamba. Na shamba, mama, unaliona mwenyewe. Mwenzako ameshapanda, ameshatia mbolea, mibuni imeshashika. Mbuni hauhamishwi kwa maneno."

"Aliipanda kwenye ardhi yangu," Eunike alisema.

"Tumekusikia," mzee Sifael alisema.

Elinipa alisimama. "Babu, kama mmesikia, basi mrudishe."

"Kaa, mjukuu wangu. Kusikia ni jambo moja." Mzee hakulitaja la pili. Alifumba macho akaomba sala ya kufunga, ndefu, ambamo alimshukuru Mungu kwa kumrudishia mama Eli sauti yake, na Frederick alisema amina kwa besi.

Chakula kikaletwa. Walikula vizuri. Kikao kilipotawanyika Frederick alimbeba shemeji yake mpaka kwenye gari, mikononi, kwa sababu njia ilikuwa na utelezi, na alimweka kwenye kiti kwa uangalifu mkubwa na kumfunga mkanda.

Elinipa alifunga mlango wake kwa kishindo, wakaanza kushuka. Kopo lilikuwa mapajani mwake, na mama yake, aliyekaa kiti cha nyuma, aliomba maikrofoni.

"Umekasirika," spika ilisema.

"Nimekasirika, mama. Wewe hujakasirika?"

"Nilikasirika ile miaka yote, umenisikia mwenyewe masika nzima. Nimechoka." Eunike alitazama nje. "Nilikuwa natamani wasikie. Kumbe mtu anaweza akasikia kila kitu, akaelewa, akala, akaenda zake. Sikujua hilo. Nilidhani tatizo ni koo langu."

"Na shamba?"

"Shamba ni langu," Eunike alisema. "Analo Frederick."

Dismasi alibadilisha gia. "Betri imestahimili," alisema.

Eunike hakurudi tena kuishi mlimani. Nyumba ya juu alimwachia binti wa jirani aitunze pamoja na kuku, na kuku walipigiwa simu kila jioni. Alikaa Sombetini na goti lake likapungua uvimbe. Asubuhi alikaa mlangoni na waya wake mrefu, akipiga soga na anayefua, akimfundisha sauti ya pili. Dismasi alianza kuja hata siku zisizo na cha kutengeneza. Aliweka majani mengi kwenye chai yake, na Eunike, aliyemsikiliza kwa muda, alimwambia binti yake kwamba huyu humwacha mtu amalize sentensi. Elinipa alisema ameona.

Frederick aliendelea kuwa mtu mwema. Baada ya kikao alichukua desturi ya kumtumia shemeji yake mkungu wa ndizi kila zilipokomaa, na kijana wa bodaboda, Lucky, aliushusha mlangoni ukiwa umefunikwa majani. Zilikuwa ndizi nzuri, nene, za kihamba cha chini.

"Baba mdogo anakusalimia sana," Lucky alisema siku moja, anafungua kamba. "Anasema upokee hii zawadi yake."

Eunike alikagua mkungu kwa vidole, akanusa palipokatwa, akajua umetoka kwenye mgomba upi. Alivuta maikrofoni karibu.

"Mwambie zimefika, asante," alisema. "Na mwambie mgomba wangu ulio karibu na mfereji, ule nilioupanda mwaka aliozaliwa Eli, nao utakuwa tayari. Asiucheleweshe, ndege wataudonoa."

Lucky aliufikisha ujumbe huo neno kwa neno. Frederick alimsikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akachukua panga lake akateremka. Ulikuwa tayari kweli. Akaukata siku hiyo hiyo, na Jumatano akaupeleka sokoni Tengeru.

Sombetini Eunike alikuwa anamenya ndizi za zawadi na kuzitia kwenye maji zisiwe nyeusi, anamsimulia anayefua namna ya kuzipika na maziwa, na sauti yake ilisikika vizuri mpaka kwenye nyumba ya tatu.